Mpaka Ulionyweshwa Maji

1

Asubuhi taa za mpaka ziliposhuka Kishaweni, Namsifu alikuwa uani kwake anapeta maharage. Nilimwona vizuri, maana Kishaweni na kwetu Vusheni tunatazamana. Katikati ni bonde tu, na mto Mkuso unapita chini. Zilikuja taa kama mia mbili, kila moja haizidi limau, zikaning'inia hewani kimo cha mtu. Zikajipanga kuanzia ukingo wa msitu wa Ikongwe, zikapita juu ya migomba yake, zikateremka mpaka mtoni. Zilikuwa nyeupe. Taa ya kijani, unalima. Ya njano, unalima katikati ya miti. Nyeupe unaondoka, ardhi inapumzishwa miaka thelathini.

Namsifu akaweka ungo chini. Akaitazama taa iliyosimama mlangoni kwake, akaichapa kwa mwiko. Ikayumba, ikarudi pale pale.

"Nakijwa wee!" akaniita toka ng'ambo, kwa sauti ile ile anayoitia ng'ombe. "Njoo umwone mkwe aliyekuja kuposa bila barua!"

Watu wa kwetu wakacheka. Namsifu hata akifiwa atakuchekesha kwanza. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Shahidi.

Mizani ndilo jina watu walilolipa lile dude la serikali linalopanga ardhi ya milima. Miaka ile mito ilipokatika na tambarare ikabaki vumbi, serikali ilisema mlima hautalimwa tena kwa mazoea wala kwa ubishi, utapimwa. Vikachomekwa vijiti ardhini, elfu na zaidi, na kila baada ya miaka saba Mizani inakusanya yote yaliyosemwa na vijiti, inachora ramani. Lakini waliotunga ile sheria waliogopa jambo moja, na mpaka leo nawashukuru kwa hofu yao. Waliandika kwamba mashine haimhamishi mtu. Mtu huhamishwa na mtu. Kwa hiyo kila mlima una Shahidi wake, aliyechaguliwa na wanaoishi hapo, na ramani haishiki mpaka Shahidi aweke kiganja kwenye udongo mbele ya wote, aseme, "Naona."

Mimi walinichagua kwa sababu ya ndiva, bwawa letu la wazee la maji ya kumwagilia. Nililifungua na kulifunga miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kusema Nakijwa kampunja zamu. Ramani ya kwanza nilisema naona bila taabu. Weupe ulikuwa kwenye makorongo tu, wakahamishwa nyani. Sasa ilikuwa ya pili.

Afisa mipango alikuja saa nne, kijana wa Lushoto anaitwa Lukindo, mpole, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Ni ngapi?"

Alijua ninachouliza. Akaangalia kibao chake. "Kaya arobaini na mbili. Kishaweni yote ya juu. Mizani inasema upande ule unakausha msitu. Wakiendelea kulima, miaka kumi Mkuso umekufa."

"Na Vusheni?"

"Kijani, bibi. Kijani kabisa. Hongereni." Akatabasamu. "Una siku saba za kutazama, kisha unasema."

2

Kutazama maana yake ni kutembea. Shahidi hasemi kwa kusoma kibao, anasema kwa miguu. Nikamwambia Lukindo tuanzie kwetu, nione kijani hicho kinafananaje, ndipo tuvuke.

Ilikuwa siku ya zamu ya maji. Tulipofika kwenye matuta ya mwanangu Mbonea, mke wake Eliwaza alikuwa ametoka kufungulia mfereji, ndoo kichwani, kibuyu mkononi. Mpaka wa shamba lile una isale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda kuonyesha hapa ni kwangu, pale ni kwako. Pembeni ya isale ndipo serikali ilipochomeka kijiti chake, chembamba, cha rangi ya kioo cha chupa. Eliwaza akatusalimia, akachota kibuyu cha kwanza akamwagia isale. Akachota cha pili akamwagia kijiti. Akaenda zake.

Lukindo alikuwa ameinamia kibao. "Angalia hapa, bibi. Unyevu mzuri, mizizi imeshiba. Nyie mnautunza mlima."

Nilikuwa nimesimama na mkongojo wangu. Sikuelewa bado. Nilihisi kitu tu, kama unapoingia jikoni ukajua kuna chungu kinaungua kabla hujasikia harufu.

"Niambie, baba. Hiki kinajuaje?"

"Kinanusa maji, bibi. Kimeteremka mikono miwili chini, kinasikiliza pia mizizi inavyonyonya. Ila kinasikia karibu tu, hatua tatu kukizunguka. Yaliyobaki Mizani inajaza yenyewe. Ikikuta maji hapa, na maji kule kwenye kijiti kingine, inasema hata katikati yapo."

"Na vile vyombo vyenu vya angani, si vinaona?"

"Mawingu ya huku? Havioni kitu. Ndiyo maana tukachomeka."

"Mbona mlivichomeka kwenye masale?"

Akacheka kidogo. "Wapimaji walikuta hizo ndizo alama pekee ambazo watu wa huku hawagombanii."

Ni kweli hatugombanii. Na hatugombanii kwa sababu tunazinywesha. Bibi yangu alimfundisha mama, mama akanifundisha mimi, kwamba kibuyu cha kwanza cha zamu ni cha isale, maana mpaka wenye kiu huamka usiku ukatembea. Basi vilipokuja vijiti, wanawake waliniuliza tufanyeje na hili dude lililosimama ubavuni mwa isale. Nikawajibu, kwa kinywa changu hiki, "Mgeni naye anywe." Miaka kumi na minne. Vijiti arobaini vya Vusheni, kila zamu, wanawake wote.

Nikamwuliza Lukindo kama tunaweza kupumzika. Akadhani ni magoti.

3

Alipoondoka nilichukua jembe. Nikachimba kwanza pale kwenye kijiti: udongo mweusi, umelowa, na nyungunyungu wanene. Nikahesabu hatua tatu, nikaongeza mbili, nikachimba tena katikati ya tangawizi ya Mbonea. Kwa juu kulikuwa na unyevu wa mfereji. Mkono ulipozama kupita kiwiko, udongo ulipukutika kama unga wa muhogo. Nikachimba mashamba manne mengine. Ni hivyo hivyo.

Kusema kweli, nilikuwa najua bila kujua. Ndiva ilikuwa inajaa usiku mmoja nilipokuwa mwali. Sasa inachukua siku tatu. Chemchemi iliyo juu yake imehama mara mbili kwenda mlimani, nasi kila mara tunafanya msaragambo, kijiji kizima na majembe, tunaifuata kwa mfereji mrefu zaidi, kisha tunachinja mbuzi na kufurahi. Tulikuwa tunaunyonya mlima upande wetu, na Mizani ilikuwa inaona nyungunyungu wa Eliwaza.

Mchana nikamweleza Mbonea na mkewe, mezani, makande yakiwa ya moto. Mbonea ni kitinda mimba wangu. Yale matuta aliyajenga jiwe juu ya jiwe, miaka sita, baada ya baba yake kuzikwa pale nyuma ya nyumba.

"Umemwambia afisa?" akauliza.

"Bado."

"Basi usimwambie."

"Mbonea."

"Mama, nisikilize. Wewe hujapanga kitu. Hujaiba. Ulikuwa unamwagilia mmea. Mizani imekosea yenyewe, mizigo yake iibebe yenyewe."

"Mzigo unabebwa na Namsifu."

"Namsifu na wenzake watapewa viwanja huko chini, tambarare."

"Huko chini mtoto akilia, machozi yanakauka kabla ya kidevu. Ungeenda wewe?"

Eliwaza ndiye aliyesema, taratibu, anampangusa mtoto wao mdogo mdomo. "Mama, kunyamaza si uongo. Hawajakuuliza habari za vibuyu. Watakuuliza unaona au huoni. Taa si unaziona?"

Nilimtazama. Ni binti mwenye akili, na siku zile nilitamani asingekuwa nayo.

"Ukisema," Mbonea akasema, "ni sisi. Unaelewa? Ni nyumba hii. Ni kaburi la baba tutakuja kulitazama mara moja kwa mwaka, na kibali mkononi."

"Naelewa."

"Basi kula, mama. Yanapoa."

4

Siku ya nne nikavuka Mkuso. Namsifu alikuwa anang'oa mabati ya jiko, kajifunga kanga kiunoni, misumari mdomoni.

"Karibu mkaguzi," akasema, akitema misumari kiganjani. "Kaa pale kwenye kinu, viti nimeshafunga. Umekuja kunipima na mimi?"

"Nimekuja kukusalimu."

"Na mikono mitupu? Haya."

Tukakaa. Nikamwuliza kama jambo la kawaida, kwao siku hizi wananywesha masale?

"Aa, tuliacha tulipookoka. Mchungaji alisema ni tambiko. Mimi nilimwambia, mchungaji, ni maji tu, wala si pombe. Akasema, Mama, ibilisi naye anaanza na maji. Tukaacha. Mwaka wa ishirini huu." Akanitazama. "Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Nikachimba kwake pia, kwa kisingizio cha kutazama. Udongo wa Kishaweni ulikuwa mkavu juu, ndiyo. Chini ya kiwiko ulikuwa wa baridi, na ukiufinyanga unashikana. Msitu juu yao ulikuwa unapumua. Ule uliokuwa unakufa ni wa kwetu; Mizani ilikuta kwetu kumelowa, ikawatupia Kishaweni lawama ya mto kupungua.

Nilipoinuka kuondoka, akanishika mkono. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Nakijwa. Nimelia siku mbili, sasa nimemaliza. Siku ile sema tu naona, usinionee haya. Kama mlima utapona, nitakaa huko kwenye joto nikijua sikuondoka bure. Nitawaambia wajukuu, mnauona ule mlima wenye wingu? Sisi tuliuachia nafasi."

Nilivuka mto sioni mawe. Kama angenitukana ningeweza kunyamaza. Angeondoka na hasira yake, nami ningebaki na tangawizi yetu, dunia ingeendelea. Lakini yeye alikuwa anatoa nyumba yake kama sadaka, na mimi nilijua sadaka ile haifiki. Kishaweni wangehama, Vusheni tungeendelea kunyonya, na baada ya miaka kumi Mkuso ungekufa vilevile.

5

Siku ya saba walijaa uwanja wa zahanati, Vusheni upande huu, Kishaweni upande ule. Lukindo aliweka sinia la udongo mbele yangu. Mizani ikasoma ramani kwa sauti yake isiyo ya mume wala mke, kwa Kiswahili kisha kwa Kipare, jina kwa jina, kaya arobaini na mbili.

"Shahidi," ikasema, "unaona?"

Nikaweka kiganja kwenye udongo.

"Sioni," nikasema. "Vijiti vya kwetu vinanyweshwa."

Nikaeleza. Sikuchukua muda, jambo lenyewe ni fupi. Lukindo alikuwa ananisikiliza mdomo wazi, halafu nikamwona anakumbuka: ndoo, kibuyu, viatu vyake vyenye tope. Akaketi.

Upande wetu kelele zikalipuka. "Bibi amechoka, apumzishwe!" "Amelishwa nini huko Kishaweni?" Mama Senzia, niliyemzalisha watoto wawili, akasimama akaninyooshea kidole. "Si wewe uliyetuambia mgeni naye anywe? Si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi uhame wewe peke yako!"

"Ingewezekana ningekuwa nimeshafika."

Mbonea aliinuka akaondoka. Nilimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye kona. Nilimtafuta Namsifu; alikuwa ameinamisha kichwa, hanitazami. Hakuna aliyenishukuru siku ile, na ilikuwa sawa. Mtu hawezi kushukuru akiwa anajua shukrani yake inaangukia juu ya paa la nani.

Lukindo alisema vijiti vyote vitasomwa upya, siku ishirini, bila tone la mkono wa mtu. Nikamwuliza pembeni ataweka askari wangapi.

"Sheria haina askari hapa, bibi," akasema. "Ina wewe."

6

Siku ishirini ni nyingi. Mbonea alikuwa anakula kwenye matuta. Eliwaza aliniletea uji kila asubuhi, anaweka, anaondoka. Nami kila alfajiri nilizunguka vijiti vyetu, najiegemeza kwenye mkongojo, nagusa udongo. Ungeweza kuona unavyobadilika. Kuanzia siku ya tisa nyungunyungu walianza kuhama. Siku ya kumi na mbili majani ya isale yalijikunja ncha.

Siku ya kumi na sita, kumeshapambazuka, nikamkuta Eliwaza kwenye kijiti cha shamba lao. Ndoo iko kichwani. Kibuyu kiko mkononi, kimejaa.

Hakushtuka. Nadhani alikuwa ananisubiri, au alikuwa anasubiri apate nguvu.

"Kimoja tu, mama."

"Kimoja hakitatosha."

"Basi nitamwaga vyote. Na kwenye vingine nitamwaga. Wenzangu wako tayari, wanangoja nianze mimi, kwa kuwa mimi ni mkweo."

"Mwaga," nikamwambia. "Sitakushika mkono, sina nguvu hizo. Ila nitakapoulizwa, nitasema nani kamwaga."

"Utanitaja? Mimi?"

"Nitakutaja."

Akakiinua kibuyu juu ya kijiti. "Ningejua," akasema, "nisingekuwa nakupikia uji asubuhi zote hizi."

"Najua, mwanangu."

"Watoto watakulia vumbini."

"Najua."

"Usiseme unajua! Wewe umeshaishi hapa maisha yako yote, umeshiba! Sisi ndio tulikuwa tunaanza!"

Nikaegemea mkongojo wangu. Jua likafika kwenye matuta, jiwe kwa jiwe, yale mawe mumewe aliyoyabeba mgongoni. Eliwaza aliyatazama yote, kuanzia la chini mpaka la juu. Halafu akarudisha maji ya kibuyu kwenye ndoo, polepole, hakumwaga hata tone, akageuka akaenda nyumbani. Maji yale tulipikia makande.

7

Taa zikashuka kwetu siku ya ishirini na moja. Vusheni ya juu yote, kaya thelathini na tano, nyeupe. Kishaweni walipata njano: walime katikati ya miti, nusu ya walichokuwa nacho. Mizani ikasoma majina. La Mbonea lilikuwa la kumi na moja, na langu ndani yake. Ikaniuliza kama naona. Nikasema naona. Mchanga ukadondoka toka kiganjani kwangu kurudi kwenye sinia.

Lukindo alinieleza kwamba Shahidi anaruhusiwa kubaki ndani ya weupe mpaka kufa kwake, peke yake, awe mlinzi wa vijiti. Kuna kifungu. Nilimwambia kifungu hicho walikitunga watu wema ambao hawajawahi kuwa na wajukuu.

Siku ya kuhama Namsifu alivuka mto na wanawake wanane wa Kishaweni, na majembe. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Eliwaza. "Mbegu ya tangawizi haiachwi ardhini ikaoza," akamwambia. "Kwangu pana kivuli. Utapanda, utakuja kuvuna." Eliwaza akachukua jembe. Wakang'oa pamoja toka asubuhi mpaka saa saba. Si wote wa Kishaweni waliokuja. Wengine walikaa milangoni kwao wakatutazama.

Mbonea alikuwa hajasema nami tangu mkutano ule. Alifunga mizigo, alipakia punda, alimwinamia baba yake kaburini kwa muda mrefu. Mwisho kikabaki kitanda changu, kile cha mninga nilichoolewa nacho, ambacho hakipandi juu ya punda. Akakitoa mlangoni kwa kukiburuta. Akajaribu kukibeba peke yake, kikamshinda. Akatazama njia, akaona wenzake wote wameshatangulia.

"Mama," akasema, bila kunitazama. "Shika huku."

Nikaweka mkongojo juu ya kitanda, nikashika. Sikumwuliza kama amenisamehe. Kitanda kilikuwa kizito, na njia ilikuwa inateremka, ikabidi twende hatua zetu zilingane.